Maisha ya Daktari Alzheimer

Kwetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akiwashinda vijana kwa kupalilia pamba, sasa huniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Wadogo zangu walimcheka. Majirani walianza kunong'ona habari za uchawi, na sote twajua kuwa hapa Usukuma vikongwe wameuawa kwa minong'ono kama hiyo. Nilipomweleza mwalimu wetu wa Bayolojia, alinipa nisome habari za mtu huyu.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864, katika mji mdogo wa Marktbreit, Ujerumani. Alihitimu udaktari mwaka 1887, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt.

Mwaka 1901 mkewe alifariki, akamwachia watoto watatu. Novemba mwaka huohuo akaletwa hospitalini mama mmoja, Auguste Deter, mwenye miaka 51. Daktari alimwonyesha penseli na ufunguo. Mama akavitaja sawasawa, lakini punde akasahau alichoonyeshwa. Daktari hakumdharau, bali aliketi naye na kuandika majibu yake.

Mama yule alipofariki Aprili 1906, Alzheimer alikuwa amekwisha hamia Munich. Akaomba aletewe ubongo wake. Aliuona umesinyaa, na kwa hadubini akaona vinundu na nyuzi zilizosokotana. Tarehe 3 Novemba aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, wala hapana aliyeuliza swali. Hata hivyo, mwaka 1910 mkuu wake, Profesa Kraepelin, aliuita ugonjwa ule kwa jina la Alzheimer. Yeye alifariki tarehe 19 Desemba 1915, akiwa na miaka 51 tu.

Dawa ya kuuponya haijapatikana hata leo. Tena kusahau kuna sababu nyingi, na nyingine hutibika; kwa hiyo baba atampeleka bibi hospitali. Nami nimewaeleza wadogo zangu kwamba bibi hakuacha kutupenda, ila ubongo wake unaumwa. Sasa hatumbishii. Asubuhi kila mmoja humtajia jina lake, na usiku hatumwachi atoke peke yake.

Wenzangu, mzee akianza kusahau, tusimwendee mganga atutajie mchawi. Twende kwa daktari, kisha turudi nyumbani tukae naye.