Augustino na yule mama asiyetajwa jina



Kila tarehe 28 Agosti tunamkumbuka Mtakatifu Augustino, na mimi kila mwaka nakwama palepale. Alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, Algeria ya leo. Mwafrika mwenzetu, tena mwenye akili kali. Akisoma Karthago, kijana bado, akazaa mtoto, Adeodatus, na mwanamke ambaye hakufunga naye ndoa. Wakaishi pamoja miaka kama 15.

Halafu kule Milano Monika akahangaika kumtafutia mchumba wa hadhi yake, na yule mzazi mwenzake akarudishwa Afrika peke yake. Mtoto akabaki kwa baba. Jamani! Mama wa watu akaondoka ameweka nadhiri kwa Mungu kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Augustino je? Akashindwa hata kungoja harusi, akachukua mwanamke mwingine. Haya yote anayakiri mwenyewe katika Maungamo, na kwamba moyo ulimuuma sana. Jina la yule mama, hakuliandika.

Pasaka ya 387 Ambrosi akambatiza pamoja na mwanae, ambaye alikufa akiwa kijana mdogo tu. Baadaye akawa Askofu wa Hippo, hadi kifo chake mwaka 430.

Kwa hiyo siku hiyo, nikishamaliza sala kwa Augustino, namsalia na yule mama tendo moja la rozari.