Christian Doppler: Mwalimu wa Sauti Ipitayo
Doppler alizaliwa mwaka 1803 mjini Salzburg, Austria, mwana wa mwashi. Afya dhaifu ilimzuia kurithi kazi ya babaye, akawa mwalimu. Mwaka 1842, mjini Prague, alieleza kwamba mawimbi ya kitu kiendacho hubanana mbele na kuachana nyuma. Buys Ballot wa Uholanzi alishuku. Mwaka 1845 akawapandisha wapiga tarumbeta garimoshi, na masikio yakathibitisha. Doppler alifariki mwaka 1853.

Baragumu la misafara ya Tabora halikuonyesha badiliko hilo, kwani wapagazi walitembea polepole. Reli ilipofika mwaka 1912, honi ilisikika nyembamba ikikaribia, nzito ikienda zake.

Ewe mwanachuo, mwanafunzi apite mbio kwa baiskeli akipuliza filimbi kwa nguvu ileile. Wenzake wasikie kwanza; maelezo yafuate.