Tom Mboya: Kitanzi cha Kamiti hakikujibu swali la Rusinga

WANAOVUKA maji ya Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, hufika baada ya mwendo usio mrefu katika eneo la Kasawanga, ambako limejengwa kaburi la kumbukumbu lenye umbo la risasi. Humo amelazwa Thomas Joseph Odhiambo Mboya, aliyeuawa Jumamosi, Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Umbo la jengo humweleza mgeni jinsi marehemu alivyokufa. Halimwelezi ni nani aliyetaka afe, na mtu wa pekee aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alinyongwa miezi minne baadaye.

Rusinga ni kwao kwa ukoo, si kwa kuzaliwa. Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la mlowezi. Mzee huyo hakuwa na elimu ya darasani, lakini alikuwa Mkatoliki mwenye msimamo, na mshahara wake mdogo aliugawa ili mwanawe asome katika shule za wamisheni.

Kijana alianzia Kabaa, Ukambani, ambako kwa uhaba wa vifaa watoto walijifunza kuandika kwenye mchanga. Kutoka hapo alienda St Mary's Yala, kisha Holy Ghost College, Mang'u. Karo ilipokwisha, masomo nayo yakakoma. Alijiunga na chuo cha wakaguzi wa afya jijini Nairobi mwaka 1948, akaajiriwa na Baraza la Jiji mwaka 1951.

Nchi ilikuwa inaelekea gizani. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na mwaka uliofuata Mboya, kijana wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Viongozi wengi wa Kiafrika walikuwa wametiwa kizuizini, naye akajikuta miongoni mwa sauti chache zilizoweza kusema hadharani bila kufungwa.

Ulikuwa pia wakati wa kitanzi. Sheria za Hali ya Hatari ziliongeza makosa ya kunyongewa, hata mtu kupatikana na silaha au risasi kinyume cha sheria, au kulisha wenzake kiapo. Mahakama maalumu zilizoanzishwa mwaka 1953 ziliharakisha kesi, na kufikia mwisho wa vita vya Mau Mau Waafrika 1,090 walikuwa wamenyongwa. Katika milki nzima ya Uingereza ya zama hizo hakuna mahali pengine ambapo dola ilinyonga watu wengi kiasi hicho.

Makanisa yalikuwa na nafasi ya ajabu katika shughuli hiyo. Mapadri na wachungaji waliingia katika vyumba vya waliohukumiwa, wakasali nao, wakawabatiza waliotaka kubatizwa, kisha wakawaacha mikononi mwa mnyongaji. Dedan Kimathi, usiku wa kuamkia siku aliyonyongwa, Februari 18, 1957, alimwandikia padri Mkatoliki barua akimwachia shughuli za familia yake, ikiwemo elimu ya mwanawe. Wengi wa wahudumu hao walitenda kwa huruma ya kweli, na itakuwa dhuluma kuwabeza. Hata hivyo, wachache mno walijiuliza hadharani kama dola ilikuwa na haki ya kuua kwa wingi namna hiyo. Mafundisho ya wakati huo yaliipa serikali upanga, na upanga ulikuwa mkononi mwa mkoloni.

Mwezi mmoja baada ya Kimathi kunyongwa, Mboya, aliyekuwa amerejea kutoka chuo cha Ruskin mjini Oxford, alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mpinzani aliyemshinda Nairobi ni Argwings-Kodhek, wakili aliyekuwa amejijengea jina kwa kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau waliokabiliwa na kitanzi. Siasa ina kejeli zake.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi. Desemba 1958 aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyoisimamia iliwapeleka vijana 81 Marekani. Mwaka 1960 akawa katibu mkuu wa KANU. Kenya ilipopata madaraka mwaka 1963 alikabidhiwa Wizara ya Haki na Masuala ya Katiba. Katiba ya uhuru ililinda uhai wa mtu, lakini ikaacha mlango wazi kwa hukumu ya kifo inayotolewa na mahakama. Sheria ya jinai iliyorithiwa kwa Mwingereza ilibaki na kitanzi chake. Mti ulibadilisha mwenyewe, haukung'olewa.

Siku ya mwisho Mboya alikuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipigwa risasi mchana kweupe. Katika misa ya kumwombea, umati nje ya Kanisa Kuu la Familia Takatifu ulirushia mawe msafara wa Rais Jomo Kenyatta, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi. Mwili ulisafirishwa hadi Nyanza, waombolezaji wakijaa kando ya barabara, ukazikwa Rusinga.

Polisi walimkamata Nahashon Isaac Njenga Njoroge, aliyewahi kukaa Bulgaria kwa mafunzo. Yasemekana alipotiwa mbaroni aliuliza kwa nini aandamwe yeye na si yule mkubwa. Mkubwa huyo hakutajwa. Mahakama ilimtia hatiani Septemba, rufaa yake ikatupwa, naye akanyongwa katika gereza la Kamiti Novemba 1969. Serikali iliwatangazia wananchi baadaye, jambo likiwa limekwisha kutendeka.

Msomaji akumbuke hali ya siku hizo. Oktoba 25 damu ilimwagika Kisumu, Rais alipokwenda kufungua hospitali. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku, na Jaramogi Oginga Odinga alitiwa kizuizini. Njenga alinyongwa katikati ya kimya hicho kizito. Kwa kuwa waliokufa kwa kitanzi huzikwa ndani ya kuta za gereza, hakuna raia aliyemwona akiwa maiti, na fununu zikazuka kwamba hakuuawa bali alisafirishwa ng'ambo. Fununu hizo hazina ushahidi. Zilistawi kwa sababu hukumu iliyotekelezwa gizani haikumridhisha mtu yeyote.

Mkristo wa iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, yaani Homa Bay na Migori za leo, angeweza kuisoma adhabu hiyo kwa njia mbili, zote zikiwa na Biblia mkononi. Wanaounga mkono kitanzi husimama katika sura ya tisa ya Mwanzo, inayodai damu ya muuaji kwa damu aliyoimwaga, na katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, inayomwona mtawala kuwa mtumishi wa Mungu mwenye upanga. Si hoja nyepesi, na aliyemzika ndugu aliyeuawa hana haja ya kufundishwa na mtu uzito wake. Wanaoipinga hurejea nyuma zaidi, kwa Kaini, muuaji wa kwanza, aliyetiwa alama ili asiuawe, kisha kwa Yesu aliyewatawanya wenye mawe mbele ya mwanamke aliyefumaniwa.

Lakini kesi ya Mboya ina jambo ambalo hoja hizo mbili hazilifikii moja kwa moja. Hata anayekubali kwamba damu hulipwa kwa damu anapaswa kuuliza ni damu ya nani iliyolipwa. Kamiti ililipa kwa mkono ulioshika bastola. Kama nyuma ya mkono huo palikuwa na kichwa, shahidi aliyeweza kukitaja alizikwa pamoja na siri yake. Mfungwa wa maisha huweza kubadili nia akizeeka, akamwita padri, akasema. Maiti hawezi.

Kwa sadfa ya kushangaza, mwaka huohuo wa 1969 Papa Paulo VI aliiondoa adhabu ya kifo katika sheria za Vatikani. Ndiye aliyefika Kampala mwisho wa Julai, majuma machache baada ya mazishi ya Rusinga, akiwa papa wa kwanza kulikanyaga bara hili akiwa madarakani, kuwaheshimu mashahidi wa Uganda, ambao wenyewe waliuawa kwa amri ya mfalme. Kanisa lake lilichukua karibu nusu karne kufika mwisho wa njia hiyo: Agosti 2018 Papa Fransisko alibadilisha Katekisimu na kuitangaza adhabu hiyo kuwa isiyokubalika kamwe.

Kenya haikunyonga mtu tangu Julai 1987, walipouawa waliohukumiwa kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Rais Mwai Kibaki alibadilisha hukumu za zaidi ya wafungwa 4,000 kuwa kifungo cha maisha mwaka 2009, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majaji wasilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Hata hivyo sheria yenyewe haijafutwa.

Sanamu ya Mboya ilizinduliwa Oktoba 2011 kando ya Moi Avenue, hatua chache kutoka mahali alipoanguka. Faili ya mauaji yake ilikuwa imefungwa miaka 42 kabla, siku Njenga alipopandishwa jukwaani Kamiti.