Johannes Schmidt, mtu aliyetafuta mahali mkunga anazaliwa

Kule Koni, karibu na Likasi, mto Lufira unapita kwenye baraji iliyoanza kutoa umeme mwaka 1950. Juu yake, Mwadingusha, kuna baraji nyingine ya mwaka 1930, ile iliyozaa ziwa Tshangalele. Maji yanapita, umeme unatoka. Na samaki je? Wavuvi wakilalamika kwamba samaki wanapungua, kila mtu iko na sababu yake: nyavu, baraji, uchafu wa migodi. Kupima ndiko kunakokosekana. Mtu mmoja wa Denmark alipima kwa karibu miaka 20, juu ya samaki mmoja tu.

Samaki huyo anafanana na nyoka. Kwa Kifaransa ni anguille, na watu wa pwani wanamwita mkunga. Anakomaa kwenye mito, lakini anarudi baharini kuzaa, kisha anakufa. Lufira hayuko, sababu maji yake yanaingia Lualaba na mto Kongo mpaka Atlantiki, na mikunga hawapandi kupitia upande huo. Wako mito inayoingia Bahari ya Hindi: Tana, Pangani, Rufiji, Zambezi. Na Zambezi si mbali: milima ya kusini ya Katanga ndiyo inayogawa maji yake na ya Kongo.

Johannes Schmidt alizaliwa mwaka 1877. Kwanza alisomea mimea, akafika mpaka Siam, nchi inayoitwa leo Thailand. Mwaka 1903 akapata udaktari, akaoa binti wa mkurugenzi wa kiwanda cha bia cha Carlsberg. Baadaye pesa za Carlsberg zilisaidia sana safari zake.

Wakati ule watu wa Ulaya walikula mikunga kila siku, lakini hakuna aliyewahi kuona yai lake. Mwaka 1904, akiwa ndani ya meli Thor magharibi ya visiwa vya Faroe, Schmidt alivua kitoto cha mkunga, chembamba kama jani na chenye kuonekana ndani kama kioo. Urefu wake ulikuwa milimeta 77. Wataalamu wa Italia walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kitoto cha namna hiyo hugeuka mkunga, lakini wa kwao walipatikana bahari ya Mediteranea. Huyu wa Schmidt alikuwa ndani ya Atlantiki. Kumbe safari yao ni ndefu kuliko watu walivyofikiri.

Njia yake ilikuwa rahisi kueleza, ngumu kufanya. Alivua vitoto sehemu nyingi, akapima kila kimoja, akaandika mahali na tarehe. Kule vinapokuwa vidogo zaidi, ndipo karibu na mahali pa kuzaliwa. Hakuwa na meli ya kutosha, basi akaomba manahodha wa meli za biashara wamvulie njiani; zaidi ya meli 20 zilisaidia. Mwaka 1913 akapata meli ya tanga, Margrethe, lakini ikavunjika kwenye visiwa vya Karibi. Kisha ikaja vita, kazi ikasimama. Kuanzia 1920 akarudi baharini na meli Dana.

Kadiri alivyoelekea magharibi, vitoto vilizidi kuwa vidogo. Katika bahari ya Sargasso, kusini ya Bermuda, akapata vya milimeta chache tu. Mwaka 1922 akatangaza: mkunga wa Ulaya anazaliwa pale, zaidi ya kilometa 5000 kutoka Denmark. Kati ya 1928 na 1930 alizunguka dunia na Dana, akapita pia Bahari ya Hindi akitafuta vitoto vya mikunga wengine. Mwezi wa pili 1933 mafua makali yakamuua, akiwa na miaka 56.

Kazi yake ilibaki na matundu. Yai lenyewe hakuliona, na mpaka leo hakuna aliyeliona kule Sargasso. Mwaka 2022 ndipo watafiti walipoweza kufuata mikunga wakubwa kutoka visiwa vya Azores mpaka Sargasso.

Lakini kujua mahali pa kuzaliwa hakukumwokoa mkunga. Tangu miaka ya 1980, vitoto vinavyofika Ulaya vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Baraji zimefunga njia, mashine za umeme zinawakata wanaoshuka, vitoto vinavuliwa na kuuzwa bei kubwa, na mnyoo kutoka Asia unawashambulia. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliagiza kila nchi iache angalau asilimia 40 ya mikunga wakubwa wafike baharini, ukilinganisha na wakati ambapo binadamu hakuwa amewaharibia. Mwaka uliofuata mkunga huyo aliandikwa kati ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Dawa ilikuja wakati ugonjwa umekwisha kukomaa.

Samaki wa Lufira si mikunga, hawaendi Sargasso. Lakini nao wako na mahali pa kuzalia na njia ya kufikia pale. Rula, daftari na tarehe vinatosha kuanza: vitoto vidogo zaidi vinapatikana wapi, mwezi gani, chini ya baraji au juu yake? Hapo ndipo chandarua cha mbu kisingepaswa kufika. Manahodha waliomsaidia Schmidt hawakuwa wataalamu. Walivua, wakaandika, wakatuma.