Abu Zayd al-Balkhi: Tabibu wa Mwili na Nafsi

Mwanachuoni Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi alizaliwa karibu na Balkh, katika Afghanistan ya leo, yapata mwaka 850. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto. Ujanani alisafiri hadi Iraq, akasoma kwa mwanafalsafa al-Kindi, kisha akarejea kwao. Alifariki mwaka 934.

Katika kitabu chake, Masalih al-Abdan wal-Anfus, alifundisha kwamba mwili ukiumwa nafsi huathirika, na nafsi ikiumia mwili hudhoofika. Akabainisha kuwa watu hawalingani katika kustahimili: wapo wasiotikisika, na wapo ambao jambo dogo huwalemea. Hivyo kila mtu aujue uwezo wa nafsi yake kabla ya kujitwika mzigo. Na huzuni isiyo na sababu inayojulikana aliitafutia pia tiba ya mwili.

Njombe na Makambako, viazi vikioza shambani au msiba ukiingia, katika nyumba moja baba hukosa usingizi, mama huumwa tumbo, kijana hunyamaza. Tusimhukumu aliyelemewa kuwa hana imani. Aliwazwe, na ikibidi apelekwe kwa tabibu.

Wallahu a'lam.