Mwalimu Nyerere na Mtoto Anayeitwa Mvivu



Kila mwaka mwezi Septemba watoto wetu wa darasa la saba hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, kisha familia hukaa zikisubiri matokeo. Katikati ya kungoja huko huangukia tarehe 14 Oktoba, siku ambayo Taifa humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Hapa Njiro shule ni nyingi, na kila asubuhi tunawaona watoto wakielekea darasani: wengine wanachangamka, wengine wanajikokota. Hao wanaojikokota tumezoea kuwaita wavivu, na neno hilo huwafuata hadi ukubwani. Kabla matokeo hayajatoka, tumeona vema kuyatazama maisha ya Mtumishi huyu wa Mungu upande mmoja tu, ule wa ualimu wake, tujifunze namna ya kumtazama mtoto ambaye shule haijamgusa moyo.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mgaya wa Nyang'ombe. Hakuingia darasani hadi mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 12, katika shule ya Mwisenge, Musoma. Kabla ya hapo alichunga mifugo, na aliupenda mchezo wa bao. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kizanaki. Kama angepimwa siku ile ya kwanza kwa kusoma kitabu, angehesabiwa kuwa mjinga. Lakini kijana huyo hakuja mtupu, kwa maana bao hufundisha kuhesabu, kukumbuka na kutambua nia ya mwenzako kabla hajanyoosha mkono. Alikosa herufi tu. Akili alikuwa nayo. Baada ya miaka mitatu alikuwa tayari Shule ya Serikali ya Tabora.

Mwaka 1943 alibatizwa Nyegina na kupewa jina la Julius, na mwaka huohuo alikwenda Makerere kusomea ualimu. Kuanzia 1946 hadi 1949 alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 akiwa na shahada, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya darasa na siasa, akaacha kazi. Cheo cha Rais alikuja kukipata na kukiacha. Jina la Mwalimu halikumtoka hadi kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999.

Jiji letu lina sehemu yake katika historia hii. Mwezi Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha na kupitisha Azimio ambalo makumbusho yake yako Kaloleni, si mbali na Njiro. Miezi miwili baadaye Mwalimu alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Aliona kwamba shule za msingi zilikuwa zinawaandaa watoto wote kwa ajili ya sekondari, ilhali takriban 13 tu kati ya 100 ndio waliopata nafasi. Waliobaki, yaani wengi mno, walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa, na yale waliyofundishwa hayakuwasaidia kuishi. Kwa hiyo alitaka elimu ya msingi iwe na thamani yake yenyewe, mtihani usiwe bwana wa darasa, na mkono wa mtoto ufundishwe pamoja na kichwa chake. Hakuanza kwa kumlaumu mwanafunzi. Alianza kwa kuikagua shule.

Fikra hiyo ilizaa matunda mema hasa katika elimu ya watu wazima, ambayo mwaka 1970 ulitengwa kwa ajili yake. Ni nani mgumu wa kufundisha kuliko mtu mzima aliyechoka, anayerudi kutoka shamba jioni na kuambiwa ashike kalamu? Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kinachozungumzia pamba, na mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Kilichomhusu ndicho kilichomwamsha. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu takriban milioni 2. Walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Tuone hekima iliyomo: watu hawakugawanywa kuwa wa kusikia, wa kusoma na wa kutenda. Somo moja lilipitishwa katika milango yote, na kila mmoja akaingia kwa ule uliokuwa wazi kwake.

Hata baada ya kustaafu hakuliacha jambo hilo. Injili na Matendo ya Mitume alizitia katika tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996. Tunavyoona sisi, hiyo nayo ilikuwa kazi ya ualimu, kwani utenzi humfikia hata asiyependa kusoma, kwa njia ya sikio.

Haitupasi, hata hivyo, kuyasimulia maisha haya kana kwamba kila kitu kilifanikiwa. Katika shule nyingi kazi ya shamba iligeuka kuwa adhabu, na jembe lililokusudiwa kufundisha likawa fimbo nyingine. Shule zilipopanuliwa kwa haraka katika miaka ya 1970, walimu na madawati havikutosha. Na mtihani, ambao Mwalimu alitaka ushushwe kutoka kwenye kiti chake, umekikalia hadi leo. Mtu anaweza kuliona jambo kwa usahihi na bado asiweze kulikamilisha. Kazi iliyobaki ni yetu.

Basi, wazazi, walimu na makatekista wa Njiro, matokeo yatakapotoka, kutakuwa na nyumba zenye vigelegele na nyumba zenye ukimya. Tunaomba tusimwite mtoto yeyote mvivu kabla hatujajiuliza maswali matatu: Je, somo limemgusa katika jambo linalomhusu? Je, amepewa nafasi ya kusikia, kuona, kusema na kutenda, au ameambiwa tu anakili ubaoni? Je, yupo mtu mzima anayejua mtoto huyu anaweza nini nje ya darasa? Katekista anayewaacha watoto waigize mfano wa Msamaria Mwema hajapoteza muda. Mzazi anayemwomba binti yake apige hesabu za gengeni naye amefundisha.

Yesu mwenyewe aliwafundisha wavuvi kwa habari za nyavu na wakulima kwa habari za mbegu. Tumwombe atujalie uvumilivu huo, ili kwa kosa letu asipotee hata mmoja wa wadogo hawa.