Mtakatifu Beda, Mwalimu wa Maandiko na wa Sikukuu

Katika Jubilei hii ya jimbo letu majina ya mapadri, mabruda na masista waliotuletea Injili yatatajwa mara nyingi, na ni haki yatajwe. Sisi tumependa kuleta mbele yenu mtu mwingine, aliyekufa zamani sana, mwaka 735, wala hakupata kuvuka bahari kwenda kuhubiri ugenini. Ndiye Mtakatifu Beda wa Jarrow, mtawa na padri. Kazi yake ilikuwa ile ile yetu sisi walimu: kusoma Maandiko, kuwaandaa watu kwa sikukuu, na kuwafundisha kwa lugha waliyonyonya kwa mama zao.

Beda alizaliwa karibu na mwaka 673 katika Northumbria, upande wa kaskazini wa Uingereza. Alipopata umri wa miaka saba jamaa zake walimkabidhi kwa Abate Benedikto Biscop alelewe katika monasteri ya Wearmouth. Baadaye akawa katika nyumba ya pili, yaani Jarrow, na huko akakaa mpaka kufa kwake. Abate Biscop alikuwa mtu wa safari. Mara kwa mara alikwenda Roma, akarudi na vitabu, na picha takatifu, hata na mwalimu wa kuimba wa Kanisa la Mtakatifu Petro. Mafundi wa vioo aliwaita kutoka nchi ambayo leo ni Ufaransa, maana kwao hapakuwa na mtu aliyeijua kazi hiyo. Basi Beda hakusafiri mbali, ila vitabu vilisafiri kwa ajili yake.

Mwaka 686 tauni iliingia Jarrow. Watawa walioweza kusoma na kuimba sala wakafa wote, wakasalia wawili tu: Abate Ceolfrith na mtoto mmoja mdogo. Abate kwa huzuni yake akaagiza zaburi ziimbwe bila antifona, isipokuwa katika sala za asubuhi na za jioni. Wakafanya hivyo juma moja, kwa machozi mengi. Kisha abate hakuweza kuvumilia tena; akarudisha desturi yote kamili, wakaimba wawili wale kwa taabu, hata wengine walipokwisha kufundishwa. Kitabu kinachosimulia habari hii hakimtaji mtoto yule kwa jina, lakini wenye elimu wengi huona kuwa ndiye Beda, nasi twaona vivyo hivyo. Mwalimu aliyepata kuongoza sala siku ya mvua kubwa, kanisani wakiwapo watu watatu, atalifahamu juma lile vizuri kuliko mwenye elimu yeyote.

Beda alipewa ushemasi akiwa na miaka 19, upesi kuliko desturi, na upadri akiwa na miaka 30. Tangu hapo siku zake zilipita katika kusali, kufundisha na kuandika. Alifafanua vitabu vingi vya Biblia, na mwaka 731 akamaliza historia ya Kanisa la taifa lake.

Katika historia hiyo alieleza ugomvi juu ya siku ya Pasaka, uliokuwapo kabla yeye hajazaliwa. Mfalme Oswiu alikuwa amefundishwa na watawa wa Ireland, na mkewe Eanfled alishika hesabu ya Roma. Ikatukia mfalme amekwisha kufungua, anakula karamu ya Pasaka, na malkia katika nyumba ile ile yungali katika mfungo, akiadhimisha Jumapili ya Matawi. Ndugu, fikirini nyumba ya namna hiyo! Mwaka 664 baraza la Whitby liliamua kufuata hesabu ya Roma, lakini wengine hawakukubali ila baada ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo Beda hakuiona hesabu ya sikukuu kuwa jambo dogo. Mwaka 725 alitoa kitabu kikubwa juu ya hesabu ya nyakati, akafundisha kuhesabu kwa vidole, mwendo wa jua na wa mwezi, na jinsi bahari inavyojaa na kupwa kwa kufuata mwezi. Hata aliandika kuwa saa ya kujaa hutofautiana bandari na bandari. Wavuvi wetu wanaopanga kazi kwa bamvua na maji mafu wangaliweza kuongea naye siku nzima.

Wala hakukosa adui. Mwaka 708 watu fulani, wakinywa mezani pa askofu, walimsingizia uzushi kwa sababu ya hesabu yake ya miaka ya dunia. Beda akakasirika, akajibu kwa barua kali. Tunapenda kulitaja hilo, maana vitabu vingine vya watakatifu huwafanya kama watu wasio na damu.

Hotuba zake juu ya Injili za sikukuu zilienea mbali. Mtakatifu Bonifasi, aliyehubiri Ujerumani, aliandika Uingereza kuomba vitabu vya Beda vimsaidie. Na kutoka Ujerumani hiyo wamisionari Wabenediktini walifika Dar es Salaam mwaka 1888.

Mwaka 734 Beda alimwandikia Askofu Egbert. Alisikitika kuwa kuna vijiji milimani ambavyo havijaona askofu kwa miaka mingi, bali kodi ya askofu havikusamehewa hata kimoja. Akashauri mapadri na walimu wawekwe kila kijiji, na wasiojua Kilatini wafundishwe Nasadiki na Baba Yetu kwa lugha yao. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuzitafsiri sala hizo mbili na kuwapa mapadri wengi wasio na elimu.

Mwaka uliofuata, karibu majuma mawili kabla ya Pasaka, alianza kubanwa na pumzi. Hakuacha kufundisha. Alikuwa na kazi mbili mkononi: kutafsiri Injili ya Yohane kwa Kiingereza cha wakati ule, na kuchagua maneno katika vitabu vya Isidoro, kwa kuwa hakutaka wanafunzi wake wasome uongo na kujisumbua bure akiisha kuondoka. Jumanne kabla ya Kupaa Bwana miguu ilivimba, naye akaendelea kutamka, nao wakaandika. Jumatano wengine walikwenda katika maandamano ya sala ya siku zile. Mmoja akabaki naye, maana ilisalia sura moja. Alasiri akaomba sanduku lake dogo, akawagawia mapadri vitu vyake: pilipili manga, leso na ubani. Jioni kijana Wilbert akamkumbusha kuwa bado sentensi moja. Beda akaitamka, kijana akaandika. Kisha akaomba ashikwe kichwa, akae akielekea mahali alipozoea kusali. Akakaa sakafuni akiimba Atukuzwe Baba, akakata roho, na sikukuu ya Kupaa imekwisha kuanza kwa Masifu ya jioni.

Papa Leo wa 13 alimtaja Mwalimu wa Kanisa mwaka 1899, na sikukuu yake ni tarehe 25 Mei. Mifupa yake imo katika kanisa kuu la Durham. Ile tafsiri ya Yohane imepotea. Hapana hata ukurasa mmoja uliosalia.